Gesi Haiishi, Huvuja

Saa nane za usiku, mwezi wa Machi 2025, nilimkuta mama yangu mzazi ameketi roshanini peke yake, leso iliyoloweshwa maji i mabegani, akijipepea kwa kipande cha gazeti. Kaskazi ilikuwa imechoka kuvuma na mvua za masika hazijawasili. Ni kile kipindi ambacho wakazi wa Mombasa wanakifahamu vyema, upepo unapolala na fukuto likakaa juu ya nyumba mithili ya kifuniko cha sufuria. Mama ana umri wa miaka 78 na anaugua shinikizo la damu. Nilipomuuliza mbona hajalala, alinijibu, "Nilale wapi, mwanangu? Hiyo feni yanipepea moto." Chumbani mwake kiyoyozi kilikuwa kikinguruma kama ada yake, kikitoa hewa isiyotofautiana na ile ya nje. Kilikuwa kimejazwa gesi miezi minne tu iliyotangulia.

Huenda msomaji akashangaa mwalimu wa isimu amevuka vipi mipaka yake hata akajitia katika mambo ya mashine. Naomba aniwie radhi na kunivumilia. Swali lililonikabili usiku ule ni swali la kila nyumba na kila shule: chombo kinapoharibika, je, kitengenezwe au kitupwe na kununuliwa kingine? Wahenga hawakutuachia jibu moja. Walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na ni wao hao walionena kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Methali hizi mbili hazipingani. Kila moja ina mahali pake, na kazi ya mwenye akili ni kutambua amesimama mbele ya ufa au mbele ya sikio la kufa. Mimi nilichukua miaka mitatu kutambua, na kilichonichelewesha ni kitenzi kimoja cha Kiswahili.

Kiyoyozi chenyewe kilifungwa mwaka 2011. Kilifanya kazi bila lalama hadi mwaka 2022, kilipoanza kudhoofika. Nikamwita kijana mmoja wa mtaani, mchangamfu na mwenye haraka, akapanda ngazi, akagusa bomba la shaba, akashuka na kutangaza, "Mwalimu, gesi imeisha." Akajaza gesi, nikamlipa shilingi 4,500, na baridi ikarudi. Mwezi wa Novemba mwaka uliofuata mambo yakawa yale yale: gesi imeisha, shilingi 4,500. Novemba 2024, vivyo hivyo. Nilikwisha kutoa shilingi 13,500 pasipo kuuliza hata swali moja, mimi ambaye huwakemea wanafunzi wangu kwa kukubali fasili bila kuidadisi.

Hebu tukitazame kitenzi hicho. Kitu kinachoisha ni kitu kinachotumika: mafuta ya taa katika jiko, unga katika debe, mshahara katika mfuko. Anayesema kwamba kitu kimeisha anatupa picha ya jambo la kawaida lisilo na kosa lolote, na dawa yake imo ndani ya neno lenyewe, yaani kuongeza. Kitenzi "kuvuja" kina tabia nyingine kabisa. Ukiambiwa kwamba paa linavuja, papo hapo ulimi wako unauliza: wapi? Kuvuja kunadai mahali. Kunakulazimisha utafute tundu kabla ya kutafuta ndoo. Lau yule kijana angeniambia kwamba gesi imevuja, ningemuuliza imevujia wapi, na pengine ningeokoa fedha zangu katika mwaka wa kwanza.

Ukweli wa sayansi, nilioupata baadaye, ni kwamba gesi ya kiyoyozi haiishi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa kabisa, ikitoka ndani ya chumba kwenda nje na kurudi, mwaka baada ya mwaka. Haichomwi kama petroli wala hailiwi na mashine. Kiyoyozi kizima kinaweza kuishi maisha yake yote bila kuongezewa hata chembe. Ikiwa imepungua, basi kuna mahali inapotokea. Anayejaza gesi bila kuziba tundu anamimina maji katika pakacha na kumtoza mwenye pakacha bei ya maji.

Kwa faida ya wanafunzi, nieleze kwa ufupi jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi. Wazee wetu wa pwani walijua siri yake kabla ya umeme kuja. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu maji machache hupenya katika vinyweleo vyake na kugeuka mvuke, na kila kimiminika kinapogeuka mvuke hunyakua joto kutoka kwa jirani yake. Ndani ya kiyoyozi, kimiminika maalumu hugeuka mvuke katika koili iliyo chumbani na kunyakua joto la humo. Kompresa, ambayo ndiyo moyo wa chombo, huubana mvuke huo na kuusukuma hadi koili ya nje. Huko hulitua joto na kurudi kuwa kimiminika, na safari ikaanza upya. Kwa hiyo kiyoyozi hakitengenezi baridi, bali huhamisha joto. Kukitoza gharama ya umeme ni kama kumlipa hamali: unalipa kwa uzito wa mzigo na kwa udhaifu wa mchukuzi.

Tena chombo hiki hakikubuniwa kwa ajili ya starehe. Mhandisi wa Marekani, Willis Carrier, alibuni mtambo wake wa kwanza mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji kilichokuwa Brooklyn. Unyevu wa hewa ulikuwa ukiitanua na kuinywesha karatasi, hata rangi zikawa hazikai mahali pake pamoja. Aliyetulizwa kwanza ni karatasi. Binadamu alifuata baadaye. Nalisema hili ili tusidhani kwamba kila anayezungumzia kiyoyozi anazungumzia anasa.

Turudi kwenye kisa. Asubuhi ya usiku ule nilikwenda dukani. Muuzaji hakuuliza kilichoharibika ni nini. Aliuliza umri tu, na niliposema miaka 14 alicheka kwa upole akasema hicho ni cha kutupa. Akanionyesha kipya, cheupe pe, chenye nguvu ile ile ya BTU 12,000, kwa shilingi 68,000 pamoja na kufungwa. Nusura nitie sahihi. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na aliyetoka kumwona mamaye akitaabika huwa mnunuzi mwepesi mno. Lakini nilijiuliza: yule kijana alitoa hukumu bila kuchunguza, na huyu naye ametoa hukumu bila kuchunguza. Tofauti yao ni nini? Mmoja anaishi kwa kuuza gesi na mwingine anaishi kwa kuuza mashine. Kila mmoja aliutazama ugonjwa wangu kupitia tundu la mfuko wake.

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa Majengo aliyekwisha kupita miaka 60, fundi wa majokofu na viyoyozi tangu ujana wake. Alikuja na mkoba wa ngozi na chupa ya povu la sabuni. Hakugusa mtungi wa gesi. Kwanza alifungua chujio, akalitazama, akanitazama mimi, nami nikaona haya, kwani lilikuwa limevaa vumbi kama blanketi. Kisha akapima umeme unaoingia, akaisikiliza kompresa, akapaka povu katika kila kiungo cha bomba. Mwisho akaenda kwenye koili ya nje, na hapo povu likaanza kuchemka polepole kama uji. "Mwanangu," akasema, "hii ni chumvi ya bahari. Imekula shaba na bati kwa miaka. Nikiziba hapa leo, kesho patatoboka pale." Kubadilisha koili nzima pamoja na kutia gesi kungegharimu shilingi 26,000. Hakunishauri nichague lipi. Alisema, "Mimi nimekuambia inavuja wapi. Hesabu ni yako."

Mzee huyo alinitoza shilingi 1,500 kwa uchunguzi, na wapo majirani walionicheka kwa kumlipa mtu ambaye "hakufanya lolote." Nadhani hapa ndipo penye kasoro kubwa ya desturi yetu. Tunamlipa fundi kwa vipuri anavyovifunga, wala hatumlipi kwa elimu anayoitumia. Maadamu ujuzi wake hauna bei, analazimika kuuza gesi tusiyoihitaji ili apate riziki yake. Sisi walimu tungekuwa wa mwisho kushangaa jambo hilo. Nasi twajua hali ilivyo pale watu wanapoihesabu kazi yako kwa idadi ya daftari ulizosahihisha.

Basi nikaketi kupiga hesabu, na jambo la kwanza lililojitokeza ni gesi yenyewe. Kiyoyozi changu kilitumia gesi iitwayo R-22. Gesi hiyo ni miongoni mwa kemikali zinazoudhuru utando wa ozoni, ambao hutukinga na miali mikali ya jua. Hatari ya kemikali za jamii hiyo ilibainishwa mwaka 1974 na wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland, ambao pamoja na Paul Crutzen walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1995. Mkataba wa Montreal ulitiwa sahihi mwaka 1987, na sekretarieti yake iko hapa kwetu Nairobi, katika makao ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Chini ya mkataba huo, nchi zinazoendelea zinapunguza matumizi ya R-22 na ndugu zake hatua kwa hatua: asilimia 10 kufikia mwaka 2015, asilimia 35 kufikia 2020, asilimia 67.5 kufikia 2025, na kuikomesha mwaka 2030, isipokuwa kiasi kidogo sana cha kuhudumia vyombo vya zamani hadi 2040. Kenya nayo imekuwa na kanuni za kudhibiti kemikali hizi tangu 2007. Maana yake kwa mwenye nyumba ni bayana. Kadiri miaka inavyokwenda, gesi hiyo itazidi kuadimika na kupanda bei, na kuitengeneza mashine inayoitegemea ni kama kununua kufuli ambalo funguo zake hazichongwi tena.

Fauka ya hayo, kilo moja ya R-22 ikitoka hewani hunasa joto la dunia takriban mara 1,800 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa. R-410A, gesi iliyochukua nafasi yake katika viyoyozi vingi, haiudhuru utando wa ozoni lakini hunasa joto zaidi ya mara 2,000. R-32, iliyo katika viyoyozi vingi vya sasa, hunasa mara 675 hivi. Ni kwa sababu hiyo mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, mwezi wa Oktoba 2016 na kuufanyia Mkataba wa Montreal marekebisho ili gesi hizi mpya nazo zipunguzwe. Marekebisho hayo yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Nilipozitafakari takwimu hizo, nilitambua kwamba kila Novemba nilikuwa nikilipa shilingi 4,500 ili gesi ipitie chumbani mwa mama yangu kwa miezi michache, kisha iende angani kuliongeza lile joto linalomnyima usingizi.

Jambo la pili ni kanuni za kuazima. Mwenzangu mmoja aliyesoma ng'ambo alinipa kanuni inayotumiwa na mafundi wa Marekani: zidisha umri wa mashine kwa gharama ya matengenezo, jawabu likizidi dola 5,000, nunua mpya. Nikazidisha miaka 14 kwa shilingi 26,000, nikapata 364,000, ambazo hazifiki hata dola 3,000. Kanuni ikaniambia nitengeneze. Mwingine akanipa kanuni ya nusu: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya kipya, nunua. Yangu yalikuwa chini ya asilimia 40. Hiyo nayo ikaniambia nitengeneze. Lakini kanuni ya kwanza ilitungwa kwa ajili ya mitambo mikubwa inayopoza nyumba nzima na kugharimu maelfu ya dola. Kuileta Kisauni au Tudor, ambako mashine nzima yauzwa kwa dola mia tano na ushei, ni sawa na kumvisha mtoto kanzu ya babu yake. Ya pili nayo inatazama bei ya dukani pekee na kuisahau bei ya kila usiku.

Kwa hiyo nikaamua kuiuliza mita. Jaribio hili linaweza kufanywa na mwanafunzi yeyote. Mwaka 2024, baada ya gesi kujazwa na chombo kupoza kadiri ya uwezo wake, nilikuwa nimeandika daftarini nambari za mita kwa ajili ya ugomvi mdogo wa tokeni: usiku mmoja kiyoyozi kikiwa kimewashwa kwa saa nane, usiku mwingine kikiwa kimezimwa. Tofauti ilikuwa uniti 10. Jirani yangu wa ghorofa ile ile ana kiyoyozi kipya cha nguvu sawa, cha aina ambayo kompresa yake hupunguza na kuongeza mwendo badala ya kuwaka na kuzimika. Tulifanya jaribio lilo hilo kwake, tukapata uniti 6. Tofauti ni uniti 4 kwa usiku. Tuchukulie uniti moja ni shilingi 30 kwa hesabu nyepesi: hizo ni shilingi 120 kila usiku. Mama anakihitaji kuanzia Novemba hadi Aprili, yaani siku 180 hivi. Jumla ni shilingi 21,600 kwa mwaka.

Sasa tazama. Kipya kinazidi gharama ya matengenezo kwa shilingi 42,000. Fedha hizo zitarudi kupitia umeme katika misimu miwili ya joto. Mita ikasema kinyume cha kanuni zote mbili. Lakini ni wajibu wangu kuongeza kwamba lau kiyoyozi hicho kingekuwa katika chumba cha wageni kinachotumika siku 20 kwa mwaka, akiba ingekuwa shilingi 2,400 tu kwa mwaka, na ningehitaji zaidi ya miaka 17 kuzirudisha fedha hizo. Hapo kununua kipya kungekuwa israfu tupu, na jambo la busara lingekuwa kutengeneza, au kukizima kabisa na kumpa mgeni feni. Mashine ile ile, ugonjwa ule ule, umri ule ule, na majibu mawili tofauti. Anayekupa jibu kabla ya kukuuliza unakitumia usiku ngapi hajakujibu.

Hata hivyo sitaki msomaji aondoke na dhana kwamba hoja yangu ni kununua. Mwezi uliofuata mwalimu mwenzangu, ambaye kiyoyozi chake kina umri wa miaka mitano tu, alikuta kompresa haiwaki. Dukani aliambiwa kompresa imekufa na kwamba bei yake inakaribia bei ya mashine nzima. Nilimpelekea mzee wa Majengo. Alipima, akatoa kapasita, kidude kidogo cha umbo la kopo ambacho huipa kompresa msukumo wa kuanzia, akafunga kingine. Gharama yote ilikuwa shilingi 2,800. Moyo ulikuwa mzima. Kilichokufa ni kiberiti cha kuuwashia. Lau angemsikiliza muuzaji, chombo kizima chenye shaba, bati na gesi kingetupwa jalalani kwa ajili ya kopo moja.

Hapa lugha yetu ina hazina ambayo sisi wenyewe tumeipuuza. Kitenzi "kutengeneza" hubeba maana mbili ambazo lugha nyingine huzitenganisha. Fundi aliyeunda kiti kutokana na mbao ametengeneza kiti, na fundi aliyekifunga mguu kiti kilichovunjika naye ametengeneza kiti. Baadhi ya wanafunzi wangu huiona hali hiyo kuwa ni upungufu wa msamiati. Mimi naiona kuwa ni falsafa. Kiini cha kitenzi hicho ni kulifanya jambo litengenee, yaani likae sawasawa. Kwa mtazamo huo, kuunda na kurekebisha ni kazi moja iliyo katika nyakati mbili, na asiyejua kurekebisha kitu hakijui kitu hicho. Vilevile "fundi", "kufunda", "kufundisha", "funzo" na "mwanafunzi" ni maneno ya ukoo mmoja. Mwalimu na fundi ni ndugu wa tumbo moja, ingawa siku hizi mmoja wao huona haya kuketi na mwenzake.

Yamkini yuko mwalimu anayesoma makala haya chini ya paa la mabati, mbele ya wanafunzi 60 wanaotokwa na jasho, akiniuliza kwa uchungu: nani kati yetu ana kiyoyozi? Swali lake ni la haki, na sitalikwepa. Wengi wetu hatuna, na wengi hatutakuwa nacho. Tena kila kiyoyozi kinachompoza mmoja humwagia jirani yake joto kupitia dirisha la nyuma. Mji wa Kale wa Mombasa ulijengwa na watu waliojua hayo: kuta nene za mawe ya matumbawe, dari za juu, madirisha ya mbao yanayopitisha upepo na kuzuia jua, na vichochoro vyembamba vinavyotiana kivuli. Sisi tumejenga maghorofa ya saruji nyembamba na vioo vipana, kisha tukaenda kununua mashine za kuyasahihisha makosa ya ramani. Kabla ya kuamua kama utatengeneza au utanunua, uliza kwanza kama pazia zito, mti wa mwarobaini upande wa machweo, au rangi nyeupe juu ya paa havitaupunguza mzigo wa hamali wako. Mimi nilipiga paa rangi nyeupe kabla ya kununua chochote, na feni ikaacha kupepea moto.

Lakini swali lenyewe halihusu viyoyozi pekee. Kila shule ina chumba kilichojaa maiti: mashine ya kunakili iliyokwama, pampu ya maji isiyovuta, kompyuta zilizoletwa kwa shangwe na sasa zimefunikwa magunia. Nani alizichunguza kabla ya kutangaza kwamba zimekufa? Sisi tuliosoma chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, tulifundishwa kazi za mikono na sayansi kimu, tukashona, tukapika, tukapiga randa, hata kama tulifanya hivyo kwa vifaa vya kubahatisha. Mengi ya masomo hayo yaliondolewa baadaye kwa hoja ya kuwapunguzia wanafunzi mzigo. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kwa majaribio mwaka 2017, umeahidi kurejesha utendaji darasani. Ahadi hiyo itatimia iwapo mwalimu wa fizikia atawapeleka wanafunzi kwenye mita ya shule, mwalimu wa hisabati akawapa hesabu ya kiyoyozi changu badala ya ile ya bafu linalojaa na kuvuja kwa wakati mmoja, na mwalimu wa Kiswahili akawauliza tofauti ya "imeisha" na "imevuja."

Na kwa mafundi nina ombi. Aliponifungia chombo kipya, mzee wa Majengo alikodi mashine ya kunyonyea gesi, akaivuta ile iliyobaki katika kiyoyozi cha zamani na kuitia katika mtungi badala ya kuiachilia hewani. Kazi hiyo iliniongezea gharama ya shilingi 2,000 na saa nzima ya kusubiri. Nilimuuliza kama wateja wengi hukubali kulipia. Akatikisa kichwa. Vyuo vyetu vya ufundi vinapaswa kuwa na mashine za namna hiyo za kuwakodisha mafundi wadogo kwa bei nafuu, nasi wateja tunapaswa kuidai huduma hiyo kama tunavyodai risiti. Tena tusikubali kabisa fundi atie gesi ya aina nyingine katika mashine isiyoundwa kwa ajili yake. R-410A ina msukumo mkubwa ambao mabomba ya R-22 hayakuandaliwa kuuhimili, R-32 inaweza kushika moto, na propani huwaka kwa wepesi zaidi. Bei nafuu ya leo isije ikawa msiba wa kesho.

Chombo kipya nimekinunua kwa mkopo wa chama chetu cha akiba, nami nitaulipa hadi mwakani. Chujio lake nalifua kila baada ya wiki mbili, jambo ambalo lingekirefushia maisha kile cha kwanza lau ningelijua mapema. Mama hulala. Juzi aliniuliza kile kikuukuu kimekwenda wapi. Nilimweleza kwamba mzee amekichukua, atoe shaba, atoe mota ya feni, na kile kitakachofaa akifunge katika mashine ya mtu mwingine. Akaridhika. "Basi hakikutupwa," akasema. "Kimegawanywa."

Alamsiki, ndugu msomaji. Atakayekuja kwako kesho na kukuambia kwamba gesi imeisha, mkaribishe kiti, mpe maji ya kunywa, kisha umuulize imevujia wapi.